Nyumba ya Familia Haiuzwi kwa Saini Moja
Kijitabu cha elimu kwa wananchi wa wilaya za Ngara na Biharamulo

Hati ikiwa na jina la mume peke yake, au la mke peke yake, mwenye jina bado hana ruhusa ya kuamua peke yake. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamkataza kuuza nyumba ya ndoa, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, maadamu ndoa ingalipo.

Nyumba ya ndoa ni ipi?
Ni nyumba ambamo mume na mke wanaishi pamoja. Huku kwetu nyumba nyingi zimezungukwa na migomba na kahawa. Nyumba ikiwa kwenye shamba la namna hiyo, sheria inahesabu pia kipande cha shamba ambacho mmoja amemtengea mwenzake akitumie mwenyewe.

Ukitaka mkopo
Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 114, rehani ya nyumba ya ndoa ni halali pale tu mwenza, au wenza wote wanaoishi humo, wametia saini au kuna ushahidi kwamba wameridhia. Mkopeshaji ana wajibu wa kuchunguza. Mkopaji anayeapa kwa uongo kwamba hana mke au mume anatenda kosa: faini isiyopungua nusu ya mkopo, au kifungo kisichopungua miezi 12.

Ukitaka kununua
- Fika nyumbani uzungumze na mke na mume, wote wawili.
- Waulize majirani na mwenyekiti wa kitongoji.
- Ardhi ikiwa ya kijiji, ihusishe halmashauri ya kijiji.

Asiyeuliza anaweza kulipa fedha zake zote na bado mwenza akawa na haki ya kuendelea kuishi humo.

Ukiletewa karatasi
Usitie saini wala dole gumba kabla hujasomewa yote na kuelewa. Ukishurutishwa, kataa.

Ukigundua nyumba inauzwa kwa siri
1. Nyumba yenye hati: peleka zuio kwa Msajili wa Hati. Ardhi ya kijiji: iandikie halmashauri ya kijiji, ubaki na nakala.
2. Nenda baraza la kata kwa usuluhishi. Likishindwa, fungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Rufaa husikilizwa Mahakama Kuu, Bukoba.
3. Mtafute msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamwezesha asiye na uwezo kuhudumiwa bila malipo.

Nenda mapema, kabla fedha hazijapokelewa: kuzuia mauzo ni rahisi kuliko kuyatengua.