Shangazi, mwenyekiti anataka sote tufike kileleni

*Mimi ni Mtanzania, ninasoma Seoul, Korea Kusini, kwa ufadhili. Wanafunzi wa Afrika Mashariki tuna kikundi chetu na mimi ndiye mweka hazina. Wikiendi ijayo tunakwenda Taebaek kwenye tamasha la theluji, na siku ya pili tunapanda mlima Taebaeksan. Basi na malazi tumeshalipia. Sasa mwenyekiti, kaka mmoja wa Moshi tunayemheshimu sana, ametangaza kwamba wote tutapanda na wote tutafika kileleni, asiyetaka asije kabisa, maana tukigawanyika kikundi kimekufa. Kwenye kundi la WhatsApp kila mtu kaweka dole gumba, lakini nusu yao wamenifuata pembeni kusema wanataka tamasha tu, tena wanadai warudishiwe sehemu ya hela. Rafiki yangu wa Mombasa hajawahi kukanyaga theluji. Ana raba za kitambaa na anasema hanunui viatu vya siku moja. Namhurumia: anaogopa baridi, anaogopa kuachwa nyuma, anaogopa kuchekwa. Nikimwambia mwenyekiti nitaonekana msaliti. Nifanyeje?*

*Mweka Hazina, Seoul*



Nianze na kaka yako wa Moshi, kwa sababu namwelewa. Mtu aliyekulia chini ya mlima wa mita 5,895 ukimwonyesha Taebaeksan, wenye mita 1,567, lazima acheke. Arusha mjini penyewe ni kama mita 1,400! Kwa hesabu ya urefu ana haki yake. Ila hesabu hiyo haimsaidii mtu mwezi wa Januari katika milima ya mkoa wa Gangwon, huko mnakokwenda. Hapo kinachoangusha watu si hewa nyepesi. Ni njia iliyokanyagwa na maelfu ya wapandaji mpaka theluji ikashindiliwa na kuwa barafu tupu, na ni upepo wa mgongoni mwa mlima, ambako miti imebaki michache na mifupi. Na huko Kilimanjaro anakokujua yeye, mgeni hapandi bila mwongozaji anayemtazama usoni kila saa na kumwambia pole pole, wala hapandi bila wapagazi. Ninyi mtakuwa wenyewe, katikati ya umati wa Wakorea waliovaa vizuri na wanaokwenda mbio.

Jasho nalo lisidharauliwe. Mtu wa pwani akisikia baridi huvaa kila alichonacho: fulana ya pamba, sweta, koti zito juu yake. Baada ya nusu saa ya kupanda amelowa, anajisifu kwamba hasikii baridi. Anafika juu, anasimama kupiga picha, upepo unampiga, na ile pamba iliyolowa inamganda mgongoni. Hapo ndipo meno yanapoanza kugongana. Anayepanda avae nguo nyepesi nyepesi zisizo za pamba, avue moja kabla jasho halijamtoka, na koti zito alibebe kwa ajili ya kusimama. Simu iwe mfuko wa ndani, karibu na mwili, maana baridi inaua betri.

Na raba za kitambaa, hapana. Hapo sina mjadala. Huyo rafiki yako wa Mombasa asipande na raba. Hata mwenye buti nzuri avae vile vyuma vya meno vinavyofungwa chini ya kiatu. Wenyeji wanaviita aijen, na vinauzwa madukani hapo hapo Seoul. Si lazima kila mtu anunue. Waulizeni wenzenu Wakorea darasani, nchi ile watu wanapenda milima na huenda mkapata wa kuwaazima. Kuanguka hasa huja wakati wa kushuka, magoti yakiwa yamechoka na watu wakiwa wanawaza supu.

Sasa sikiliza jambo ambalo mwenyekiti wako, kwa shauku yake, hakulitazama kwenye ramani. Wapandaji wengi huanzia upande wa Yuilsa, karibu kilomita 4 hadi juu, kama saa mbili kwa mwenye miguu. Wanapita kwenye miti mizee iitwayo jumok, iliyovikwa theluji, wanafika kwenye madhabahu ya mawe ya Cheonjedan, ambako kila tarehe 3 Oktoba watu hufanya ibada kwa mbingu, kisha wanateremkia upande wa Danggol. Na Danggol ndipo kwenye uwanja wa tamasha! Sanamu za theluji zenye kimo cha nyumba, watoto wakiteleza, mkahawa uliojengwa kwa matofali ya theluji, yote yako pale mteremko unapoishia. Basi linawashusha wapandaji Yuilsa, linawapeleka wengine Danggol, na alasiri wanaoshuka mlimani wanawakuta wenzao wanawasubiri na chai. Picha ya kikundi, watu wote ndani, inapigwa hapo. Kikundi kitakuwa kimekufa wapi?

Wanaobaki nao hawatakaa kuganda. Hapo Danggol kuna Makumbusho ya Makaa ya Mawe, yenye paa na joto, na kwa maoni yangu yanastahili saa nzima hata kwa mwenye miguu ya kupanda. Taebaek ulikuwa mji wa wachimbaji. Mgodi wake mkubwa wa Jangseong ulifungwa mwaka 2024. Mtu akishaona wale wazee waliingia ardhini na nini mkononi, theluji ya nje anaitazama vingine.

Kuhusu hela, hapo uwe mgumu. Hifadhi za taifa za Korea hazitozi kiingilio, na Taebaeksan ni hifadhi ya taifa tangu 2016. Kwa hiyo asiyepanda hajaokoa hata won moja ya kurudishiwa: kiti cha basi ni kile kile na godoro ni lile lile. Anayejitoa kabisa sasa atafute wa kumwachia nafasi yake, huyo ndiye atakayemlipa. Usitoe cha mfukoni mwako kununua amani. Waweka hazina wengi wamefilisika hivyo.

Nirudi kwa huyo rafiki wa Mombasa. Barua yako nimeisoma tena na tena. Umenieleza anaogopa nini na nini na nini, kwa undani ambao mtu huwa nao kwa hofu yake mwenyewe. Wewe je, unataka kupanda? Hukusema. Sitakushika mashati, lakini kama na wewe roho haitaki, usimtume mwenzio akawe kisingizio chako. Kuogopa barafu kwa mtu aliyezaliwa kwenye joto si aibu.

Mwenyekiti usimjibu kwenye kundi. Kaka anayeheshimiwa akipingwa mbele ya watu hana njia ila kukaza shingo. Mpigie, au mkutane, wawili tu. Mwonyeshe ramani. Mwambie, "Kaka, njia inaishia kwenye tamasha, wapandaji wapande na wewe, wengine nitabaki nao mimi." Kisha mwache alitangaze yeye kama wazo lake. Mwombe pia aweke saa ya kugeuza: ikifika saa saba mchana, popote walipo, wanageuka, hata kama kilele wanakiona. Jua la Januari huko huzama kabla ya saa kumi na mbili, na bondeni giza huwahi zaidi. Asiwepo wa kupanda peke yake wala wa kushuka peke yake, na kila mmoja aiweke namba 119 kwenye simu, ndiyo ya uokoaji.

Akikataa, andika kwenye kundi mstari mmoja tu: "Mimi nitakuwa Danggol, anayebaki anijulishe kabla ya Ijumaa ili nimpange kwenye basi." Usimtaje yeyote, usieleze sababu. Wale waliokunong'oneza pembeni wasipojitokeza hapo, hayo ni yao. Huyo rafiki yako mwambie anunue soksi nzito jozi mbili. Hata sanamu hazitazamwi na raba zilizolowa.