Kwa Nini Ni Vigumu Kuiga Ndege ya Vita?

Watu wengi hudhani ya kuwa taifa likipata ndege ya jeti ya taifa jingine, mafundi wake waweza kuifungua, kupima kila kipande, na kuunda nyingine iliyo sawa nayo. Umbo la nje laweza kuigwa hivyo. Ugumu umo ndani ya injini.

Ndani ya injini ya jeti mna magurudumu yenye mapanga mengi madogo, yazungushwayo na hewa ya moto kwa kasi kubwa mno. Katika injini za leo joto la hewa hiyo hupita kiwango cha kuyeyusha madini ya mapanga yenyewe. Hayayeyuki kwa kuwa yametobolewa vijitundu vya kupitisha hewa ya kuyapoza, na kupakwa ganda la kuzuia joto. Tena mengi yao hufanyizwa yawe fuwele moja tu, kama punje moja ya chumvi, ili yasiwe na maungio ya kulegea. Panga moja likikatika, injini huharibika, na rubani aweza kupoteza maisha yake.

Fundi alishikaye panga hilo aweza kupima unene wake, na hata kujua lina nikeli kiasi gani. Lakini haoni joto la tanuru, wala muda wa kulipoza, wala majaribio mengi yaliyoharibika kabla yake. Hata chungu hakimwambii mnunuzi jinsi mfinyanzi alivyoukanda udongo na kuuchoma.

Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza iliruhusu injini za Rolls-Royce Nene ziuzwe kwa Warusi. Hao waliziiga, wakaziita RD-45, na mwaka 1950 ndege zao za MiG-15 zilitokea katika vita vya Korea. Lakini injini hizo zilikuwa sahili kuliko za leo, na Warusi walikuwa na wahandisi hodari tayari.

China ilianza kupokea ndege za Su-27 kutoka Urusi mwaka 1992, kisha ikapata ruhusa ya kuziunda kwa jina la J-11. Hata hivyo, ndege yake J-10, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1998, ilitumia injini za Kirusi kwa miaka mingi, mpaka injini ya Kichina WS-10 ilipoweza kutegemewa.

Basi yatupasa kufahamu ya kuwa mtambo waweza kununuliwa au kuibwa kwa siku moja, bali ujuzi hupatikana kwa kufanya kazi, kukosea na kurudia. Taifa litakalo injini na lianze kwa kuwalea mafundi. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.