Kabla Hujanunua Gia, Tafuta Kilichoiua

Ukipita Basotu mwezi wa tisa, ngano ikiwa imeshaondoka shambani, utayakuta matrekta mekundu yameegeshwa chini ya miti yakisubiri mvua. Wilaya ya Hanang imezoea mashine tangu miaka ya 1970, shirika la NAFCO lilipofungua mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada, kwenye nyanda ambazo Wabarabaig walikuwa wakilishia ng'ombe. Massey Ferguson 165 ilianza kutoka kiwandani mwaka 1964, na hadi leo ukibahatika kuipata, injini yake ya Perkins inaweza kuwaka asubuhi ya baridi ya Mbulu bila ubishi. Kinachomrudisha mwenye trekta kwa fundi ni giaboksi.

Makala haya ni ya anayetaka kulifufua trekta la aina hiyo. Kazi yenyewe ifanyike kiangazi, Septemba au Oktoba. Mvua ya Novemba ikikukuta giaboksi iko wazi, utafunga kwa haraka, na kilichofungwa kwa haraka utakifungua tena kwenye msimu wa kulima.

Sikiliza kabla ya kushika spana

Washa injini, acha gia huru, usikanyage klachi. Ukisikia mvumo unaopotea pale unapokanyaga klachi, shaka iko kwenye beringi za shafti inayopokea nguvu kutoka kwenye injini, au za shafti ya chini inayozungushwa nayo. Kelele ikianza pale unapokanyaga, hiyo ni beringi ya klachi. Giaboksi haina kosa.

Sasa tembea na trekta. Kelele ya gia moja tu inatoka kwenye meno ya gia hiyo. MF 165 ya kawaida ina gia sita za mbele na mbili za nyuma, lakini kwa kweli ni gia tatu za mbele na moja ya nyuma zinazozidishwa mara mbili na mkono wa nzito na nyepesi. Kwa hiyo kelele ikisikika kwenye gia zote za upande wa nzito na kutoweka ukihamia nyepesi, kagua seti ya gia ndogo zinazozunguka ndani ya gia kubwa, nyuma ya giaboksi. Na kama trekta linavuma hata likiteremka lenyewe gia ikiwa huru, sogea nyuma zaidi, kwenye difu.

Gia inayochomoka ni jambo la hatari. Dereva anayeshuka mteremko wa Magara na tela la maharage hana nafasi ya kutafuta gia iliyomtoka. Hata hivyo, usikimbilie kununua gia. Fungua kwanza mfuniko wa mkono wa gia, ukague springi ndogo zinazozibana reli za gia zisitembee. Springi ikikatika au ikilegea, gia nzima kabisa itachomoka. Halafu tazama uma unaoisukuma gia: ukiwa umelika ubavuni, gia haiingii yote, inafanya kazi kwa ncha za meno, na ncha hizo zitalika mviringo.

Soma oili

Imwage ikiwa vuguvugu, kwenye ndoo safi, wala si ardhini. Chukua sumaku, ifunge kwenye kitambaa cheupe, pitisha taratibu ndani ya ndoo. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Magamba yanayong'aa, membamba kama ya dagaa, yanatoka kwenye beringi. Kipande chenye pembe ni jino. Chembe za rangi ya dhahabu ambazo sumaku haizishiki ni za bushi au washa za shaba. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Kuna sababu nyingine ya kuijali ndoo hiyo. Kwenye Massey za aina hii oili ya giaboksi, ya difu na ya haidroliki ni moja, na pampu ya haidroliki imezama humo humo. Vyuma vinavyomeguka kwenye gia vinaifuata pampu. Mkulima analalamika kwamba mikono ya nyuma haiinui jembe, fundi anabadilisha pampu, na baada ya miezi michache pampu mpya nayo inachoka. Gia zilizoanzisha msiba hakuna aliyeziuliza.

Kulitenganisha trekta

Trekta hili halina chasi. Injini, giaboksi na sehemu ya nyuma ndizo mgongo wake, na lina uzito wa zaidi ya tani mbili. Fanyia kazi kwenye sakafu ngumu. Zuia magurudumu ya nyuma mbele na nyuma. Kisha gongomea kabari za mbao ngumu pande zote mbili kati ya ekseli ya mbele na kiti chake. Ekseli hiyo imetengenezwa icheze kushoto na kulia. Bila kabari, injini ikiachana na giaboksi itapinduka ubavu. Weka stendi za chuma chini ya kila upande. Jeki ni ya kuinulia; usiingize mkono chini ya kitu kinachoshikwa na jeki peke yake.

Toa betri kwanza, halafu bomba za dizeli, nyaya, fimbo za usukani na sehemu za kukanyagia. Kila hatua ipige picha kwa simu. Tandika viroba safi, panga vipuri kwa mpangilio uleule vilivyotoka. Washa nyembamba za kupimia nafasi zifunge kwa waya, kila fungu na karatasi yake. Ukizichanganya, shafti itabanwa mno au itacheza.

Osha, kagua, kisha nunua

Osha kwa dizeli na brashi, si kwa petroli. Beringi usiizungushe kwa upepo wa kompresa. Shika ndani, zungusha nje polepole kwa vidole. Ikikwaruza kama ina mchanga, imekwisha. Kisha pitisha ukucha kwenye njia ya gololi: ukucha ukinasa, usiirudishe.

Namba ya beringi imeandikwa ubavuni, na inasomeka hata na asiye fundi. Tarakimu mbili za mwisho, zikiwa 04 au zaidi, ukizizidisha kwa 5 unapata tundu lake kwa milimita. Beringi ya 6308 ina tundu la milimita 40. Herufi zinazofuata zina maana: 2RS ina mpira pande zote mbili, na kama ya zamani ilikuwa wazi ili inywe oili ya giaboksi, usikubali uuziwe hiyo kwa sababu tu ndiyo iliyobaki dukani. Nenda Babati au Arusha na beringi yenyewe mkononi.

Gia nunua kwa jozi. Hili nililipia. Mzee mmoja aliniletea trekta lenye gia ya pili iliyovunjika. "Mwanangu, weka hiyo moja tu," alisema, "hiyo nyingine nzima." Nikakubali. Trekta lilitoka likilia kama mbwa aliyefungwa, na msimu haujaisha akarudi. Meno ya zamani yalikuwa yameshazoeana na mwenzake na yalimtafuna mgeni. Hesabu meno, linganisha upana, weka ya zamani na mpya bega kwa bega juu ya meza. Usikubali jino lijazwe kwa kuchomelea: moto unaondoa ugumu wa ngozi ya gia, na jino hilo litaondoka na jirani zake.

Kurudisha

Beringi inayoingia kwenye shafti ipashe moto ndani ya oili, ikiwa imening'inizwa kwa waya isiguse sufuria, karibu nyuzi 100 na si zaidi. Oili isifuke moshi. Itateleza mahali pake bila nyundo. Ikibidi kugonga, gonga ringi inayobana: ya ndani ukiingiza kwenye shafti, ya nje ukiingiza kwenye nyumba yake. Oili sili zote ziwe mpya, midomo yake ipakwe grisi.

Kabla ya kufunga mfuniko, zungusha shafti kwa mkono ukiingiza gia moja baada ya nyingine. Kila moja iingie yote na itoke bila kubisha. Jaza oili ya trekta inayohudumia gia na haidroliki pamoja. Ile nzito ya 90 au 140 ya giaboksi za malori inaitesa pampu. Washa, inua na ushushe mikono ya nyuma mara kadhaa, zima, pima tena kwa kijiti. Anza na kazi nyepesi, na baada ya wiki ya kwanza safisha chujio la pampu.

Kilichoiua

Sasa rudi kwenye swali la mwanzo. Yule mzee aliporudi nilifungua kwa mara ya pili, na safari hii nikatazama kilichonipita. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Beringi ilikuwa na kutu, ikaiachia shafti icheze, shafti ikayakutanisha meno kwa ncha. Maji yalitoka wapi? Juu ya mkono wa gia kuna kifuniko cha mpira. Chake kilikuwa kimechanika kitambo, na trekta linalala nje.

Nilinunua jozi ya gia, beringi na sili. Kisha nikakata kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, nikakivisha kwenye mkono wa gia na kukikaza kwa waya. Hicho sikumtoza.