Fangasi Baada ya Dawa: Si Aibu, Wala Si Ushahidi wa Uzinzi

Juma hili twataka kufundisha jambo ambalo wengi hulinong'ona tu, nalo laweza kuvunja amani ya nyumba.

Baridi ya Juni na Julai huko Mbeya ni kali. Mama wa Soweto ashikwa na kichomi, apewa antibiotiki, apona. Lakini kabla ya juma kwisha asikia mwasho ukeni, aona na uchafu mweupe kama maziwa yaliyoganda. Mumewe auliza, "Umeyatoa wapi haya?" Hapo ndipo mashaka huingia nyumbani.

Yafaa wote wawili wajue asili yake. Ukeni mwa mwanamke mwenye afya wamo bakteria wema, ambao hutengeneza asidi na kuwazuia wasizidi fangasi waitwao Kandida, wa jamii ya hamira. Antibiotiki huwaua bakteria wabaya na wema pamoja, lakini fangasi haiwadhuru. Walinzi wakipungua, fangasi huongezeka. Kwa hiyo ugonjwa huu hauhesabiwi miongoni mwa magonjwa ya zinaa. Mume amshtakiye mkewe kwa sababu hiyo peke yake amdhulumu.

Je, kinga ni ipi? Kwanza, tusimeze antibiotiki bila haja. Mafua huletwa na virusi, nayo antibiotiki haiviui. Tusinunue vidonge dukani bila cheti cha mganga.

Pili, mganga akitaka kukuandikia antibiotiki, mwambie kama fangasi wamekwisha kukupata zamani, kama una mimba, au kama una kisukari. Aweza kubadili dawa, au kukupa na ya fangasi.

Tatu, usijioshe ndani kwa sabuni wala kwa dawa. Maji ya kuosha nje yatosha. Vaa nguo za ndani za pamba, zilizo kavu.

Wengine husifu mtindi. Ni chakula chema, lakini utafiti wa Australia uliotangazwa mwaka 2004 uliwajaribu bakteria wa namna hiyo kwa wanawake waliokuwa wakitumia antibiotiki, wala haukuona kinga. Basi tuunywe kama chakula. Tusiutie ukeni, wala kitunguu saumu.

Mwasho ukija, usikatize antibiotiki kwa hofu. Rudi kwa mganga. Dawa zipo: mwaka 1950 Elizabeth Hazen na Rachel Brown wa Marekani walitangaza nistatini, na leo klotrimazoli hutumika sana. Mwenye mimba asimeze vidonge vya fangasi pasipo shauri. Na pakiwapo harufu mbaya, homa au maumivu ya tumbo, huenda ni ugonjwa mwingine. Aende hospitali upesi.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, atufundisha kumheshimu mganga, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka. Wazee nao walisema, mficha uchi hazai. Enyi akina baba, mke akiugua hivi, msimhoji kama hakimu. Msindikizeni kwa mganga.