Neno KAVU

Tazameni pakiti ya mbegu au boksi la dawa. Mara nyingi kuna neno la Kiingereza DRY. Husomwa "drai". Maana yake ni kavu, yaani kisicho na maji. Mkiliona hapo, mnaambiwa mtunze kitu hicho mahali pakavu.

Waingereza hawalibadilishi neno lao. Mti mmoja au miti kumi, ni lile lile. Sisi hubadilisha mwanzo wake. Someni kwa sauti:

mti mkavu, miti mikavu
kisima kikavu, visima vikavu
kuni kavu
mahindi makavu

Hapa Chamwino neno hili tunalijua. Kiangazi mito yetu huwa mchanga mtupu, na mboga ni mlenda mkavu. Tena husemwa mtu ana macho makavu, yaani hana haya. Hapo maji hayamo!

Lakini kwenye mahindi na karanga tuwe waangalifu. Wengi hutazama tu na kusema yamekauka. Punje huweza kuwa ngumu nje na kuwa na unyevu ndani. Ikiwekwa ghalani hivyo, huota ukungu. Ukungu wa namna fulani hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Huharibu ini. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa sumu hiyo. Matumbo yaliuma na kuvimba, macho yakawa ya njano. Watu wapatao 20 walikufa.

Basi pimeni kwa chumvi. Chukueni chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tieni vijiko vichache vya chumvi, kisha mahindi mpaka yafike theluthi ya chupa. Fungeni. Tikiseni vizuri, kisha iacheni itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Yarudisheni juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Chumvi isiposhika, mahindi ni makavu. Chumvi yenyewe ianikwe kwanza, maana chumvi yenye unyevu itawadanganya.

Mazoezi
1. Malizeni: karanga ......, mtama ......, maharage ......
2. Kwa nini kupika ugali hakumwokoi mlaji na sumukuvu?
3. Leteni mahindi ya nyumbani kwenu. Tutayapima darasani.