Sedani ya Dizeli Yenye Kasi: Nguvu, Matunzo na Haki ya Jirani

Katika barabara za Kampala, Entebbe na Jinja huonekana siku hizi magari madogo ya milango minne ambayo kwa umbo ni ya familia, lakini kwa nguvu yanakaribia magari ya mashindano. Mengi yaliletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na baadhi yake hutumia dizeli. Mwenye gari la namna hiyo hulipenda kwa sababu mbili: linavuta kwa nguvu nyingi, na halimalizi mafuta upesi.

Somo hili halikusudii kumnyima furaha hiyo. Linakusudia kueleza jinsi gari hilo linavyofanya kazi, jinsi linavyotunzwa, na mipaka ya kulibadilisha. Kosa linalofanywa gereji huishia barabarani, na barabarani wapo watoto wa shule, waendesha bodaboda, na akina mama wauzao ndizi kando ya lami. Hao wote wana haki katika gari lako, ingawa majina yao hayamo katika kitabu chake cha usajili.

1. Nguvu hiyo ilitoka wapi?

Zamani dizeli ilihesabiwa kuwa mafuta ya malori, matrekta na majenereta. Hali ilibadilika mwaka 1997, Alfa Romeo 156 ilipotolewa ikiwa na injini ya dizeli ya mfumo mpya: mafuta hukusanywa kwa shinikizo kubwa katika bomba moja la pamoja, kisha kompyuta huamuru kila nozeli inyunyize kiasi gani na wakati gani. Mwaka 1998 BMW 320d ilishinda mashindano ya saa 24 ya Nürburgring nchini Ujerumani, na mwaka 2006 Audi R10 TDI ikawa gari la kwanza la dizeli kushinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans nchini Ufaransa. Tangu hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba dizeli ni ya mizigo tu.

Tuchukue mfano mmoja unaofahamika kwetu: Mazda Atenza ya kizazi cha tatu, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 2012. Injini yake ya dizeli ya lita 2.2 ina turbo mbili, ndogo ya mwendo wa chini na kubwa ya mwendo wa juu. Ilipotoka ilikuwa na nguvu ya farasi 175 na msokoto wa Newton-meta 420. Injini ya petroli ya lita 2.0 ya gari hilohilo ilikuwa na msokoto wa Newton-meta 196. Yaani msokoto wa dizeli unazidi maradufu, tena hupatikana mapema, injini ikizunguka mara 2,000 tu kwa dakika. Dereva aliyezoea petroli akikanyaga mafuta kama alivyozoea, hujikuta amefika karibu na gari la mbele kabla hajakusudia. Hilo ndilo jambo la kwanza la kujifunza.

2. Kichujio cha masizi, na foleni ya mjini

Dizeli ikiungua huacha masizi. Ili masizi hayo yasimwagwe hewani, gari la kisasa lina kichujio katika njia ya moshi. Kichujio hicho huyanasa, na kinapokaribia kujaa, kompyuta huongeza joto hadi kufikia nyuzi 600 hivi ili masizi yaungue yageuke majivu machache. Kazi hiyo huhitaji gari liende kwa mwendo usiokatizwa kwa takriban dakika 15 hadi 20.

Hapa ndipo taabu inapoanzia. Gari lililoundwa kwa safari ndefu linaishi katika foleni. Asubuhi linatambaa kilomita nne hadi kazini, jioni linatambaa kurudi. Kichujio huanza kujisafisha, injini ikazimwa kabla hakijamaliza. Kikianza tena, hukatizwa tena. Kila jaribio hunyunyiza dizeli ya ziada, na baadhi ya dizeli hiyo huteremka kando ya pistoni ikachanganyika na oili. Oili huwa nyepesi, na badala ya kupungua, huongezeka. Katika kijiti cha kupimia oili cha Atenza ya dizeli mna alama ya X juu ya alama ya kujaa. Oili ikifika hapo, si neema. Ni onyo kwamba inapaswa kumwagwa na kuwekwa mpya bila kukawia.

Tiba ya foleni ni rahisi. Mara moja kwa juma, lipeleke gari katika barabara iliyo wazi, kwa mfano ile ya Kampala hadi Entebbe au ya kuelekea Masaka, uliendeshe kwa utulivu kwa nusu saa. Tunasisitiza: kichujio hakihitaji mbio. Mwendo wa kilomita 80 kwa saa usiobadilikabadilika unatosha kabisa. Asemaye kwamba alivunja sheria ya mwendo ili “kusafisha injini” hana hoja. Ukimaliza safari, usiegeshe juu ya nyasi kavu, kwa maana njia ya moshi huwa ya moto kiasi cha kuziwasha.

3. Matunzo yasiyoahirishwa

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa za injini ya dizeli ni hizi.

Oili. Tumia oili yenye majivu kidogo, iliyotajwa katika kitabu cha gari. Kwa magari mengi ya namna hii ni ile yenye alama ya ACEA C3 kwenye mkebe. Oili ya lori itaacha majivu katika kichujio, na majivu hayaungui. Kwa gari la foleni, kilomita 5,000 ni kipimo cha busara cha kubadilisha oili pamoja na chujio lake.

Mafuta. Nozeli za Atenza hupokea dizeli kwa shinikizo linalofikia bar 2,000. Tone la maji au chembe ya vumbi huziharibu, na mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli huinyima pampu ulainisho wake. Nunua katika kituo kinachoaminika, utunze risiti, na ubadilishe chujio la dizeli kwa wakati. Mafuta yakivuja injini ikiwa inafanya kazi, usitafute tundu kwa kidole, kwani shinikizo hilo hupenya ngozi. Zima injini, umwite fundi.

Njia ya hewa. Sehemu ya moshi hurudishwa ndani ya injini ili kupunguza gesi zenye sumu. Moshi huo ukikutana na mvuke wa oili hujenga utando mweusi katika njia za kuingizia hewa. Gari likianza kuvuta kwa uzito na kutumia mafuta zaidi, mwambie fundi azifungue na kuzisafisha kabla hajakuuzia turbo mpya.

Matairi. Magari mengi hufika kutoka Japani yakiwa na matairi ya theluji, ambayo mpira wake laini haufai lami yenye joto. Utayatambua kwa alama ya mlima wenye chembe ya theluji. Tazama pia tarakimu nne za mwisho katika mfululizo wa DOT ubavuni: 2419 maana yake ni juma la 24 la mwaka 2019. Tairi lililochakaa kwa umri hupasuka hata kama kashata zake bado ni nzima.

4. Kubadilisha gari: kipi kwanza, kipi kisiguswe

Vijana wengi huanza na kompyuta ya injini. Fundi hupakia programu mpya, turbo zikasukuma hewa zaidi, nozeli zikanyunyiza dizeli zaidi, na nguvu ikaongezeka kwa saa moja ya kazi. Lakini gia boksi ni ileile, maji ya kupozea ni yaleyale, na breki ni zilezile. Fundi mwenye maarifa huanza upande wa pili: diski na padi za breki, mafuta ya breki mapya, matairi yanayostahimili mwendo, shokomzoba zisizovuja. Ukimaliza hayo na bado una fedha na hamu ya nguvu, ndipo uzungumze habari ya kompyuta, kwa kiasi ambacho gia boksi inaweza kukibeba.

Lipo tendo moja ambalo tunaliomba lisifanyike kamwe, nalo ni kutoboa au kuondoa kichujio cha masizi. Tendo hilo huuzwa gereji kama dawa ya foleni, kwa maneno matamu kwamba “gari litapumua”. Gari litapumua, lakini aliye nyuma yake hatapumua. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni chombo cha Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mwendesha bodaboda ashindaye kutwa nyuma ya mabomba ya moshi hakushauriwa ulipokuwa unakubaliana bei na fundi.

Wala mchezo wa programu si jambo dogo. Mwaka 2015 ilibainika nchini Marekani kwamba kampuni ya Volkswagen ilikuwa imeweka katika magari yake ya dizeli programu iliyopunguza sumu wakati wa kupimwa tu. Magari takriban milioni 11 duniani yalihusika, na kampuni ikalipa mabilioni ya dola. Kama jambo hilo lilikuwa kosa kwa kiwanda kikubwa, haliwezi kuwa ujanja halali kwa gereji ya mtaani.

5. Hesabu ya kusimama

Chukua kalamu. Kwa kilomita 50 kwa saa gari hupita mita 14 kila sekunde. Kwa kilomita 100, mita 28. Tuseme dereva huhitaji sekunde moja na nusu kuona hatari na kukanyaga breki. Kwa 50 atakuwa amepita mita 21 kabla breki hazijashika. Kwa 100, mita 42. Kisha breki hufanya kazi yake. Katika lami kavu na matairi mazuri, gari la 50 litahitaji mita 14 hivi, na la 100 litahitaji mita 56 hivi, kwa kuwa mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa breki huzidi mara nne.

Jumla ni mita 35 dhidi ya mita 98, karibu urefu wa uwanja wa mpira. Mtoto aliyeingia barabarani mita 40 mbele yako atasalimika katika hesabu ya kwanza. Katika hesabu ya pili atafikiwa kabla breki zako hazijaanza kushika. Nguvu uliyoiongeza kwenye kompyuta haikupunguza hata mita moja katika hesabu hiyo.

6. Hati, ununuzi na bima

Anayenunua sedani ya dizeli iliyokwisha kutumika afanye mambo manne kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, asome namba ya chasisi na ya injini kwenye gari lenyewe, si kwenye karatasi tu, na azilinganishe na kitabu cha usajili. Namba iliyokwanguliwa ni sababu ya kuondoka na kutoa taarifa kituo cha polisi. Interpol hutunza orodha ya magari yaliyoibwa katika nchi nyingi, na gari la namna hiyo likigunduliwa, mnunuzi anaweza kupoteza gari na fedha pamoja.

Pili, apitishe kitambaa cheupe ndani ya ncha ya bomba la moshi. Kichujio kikiwa kizima, kitambaa hutoka karibu safi. Kikitoka cheusi tititi, kichujio kimepasuka au kimeondolewa, na bei ishuke kwa kadiri hiyo au biashara ivunjike.

Tatu, aiwashe injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto kabla hujafika huenda ana jambo analolificha.

Nne, aulize kama kompyuta imeguswa, na jibu liandikwe katika mkataba wa mauzo.

Ukiwa mwenye gari, kila unapobadilisha injini au rangi, nenda kwa mamlaka ya usajili uliandikishe badiliko hilo. Iarifu pia kampuni yako ya bima kuhusu nguvu iliyoongezwa. Bima iliyokatwa kwa maelezo yasiyo kweli inaweza kukataliwa siku ya ajali, na atakayeumia zaidi ni yule uliyemgonga. Taa za bluu na ving’ora visifungwe hata kidogo: hivyo ni vya magari ya dharura yaliyoruhusiwa na sheria.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini oili ya injini ya dizeli inaweza kuongezeka badala ya kupungua, nawe ufanye nini ukiona hivyo?
2. Ni mwendo gani unaotosha kichujio kujisafisha, na kwa muda gani?
3. Kama una fedha za kubadilisha kitu kimoja tu katika gari lako mwaka huu, utaanza na kipi, na kwa sababu gani?
4. Kwa kilomita 100 kwa saa, gari lako litasimama baada ya mita ngapi?

Msomaji atakayepata ugumu katika hati za gari, au atakayelitilia shaka gari analouziwa, afike katika kituo cha polisi kilicho karibu kabla ya kulipa. Kuuliza mapema ni bure, na huokoa gari, fedha na jina la mnunuzi.