Pasaka Mezani: Kuwaandaa Watoto wa Komunyo ya Kwanza

Katika Kutoka 12:26 mtoto ndiye anayeuliza maana ya ibada ya Pasaka. Kwa hiyo tunawashauri makatekista wa Musoma, Bunda na Butiama waanzie mezani. Chapati zisizotiwa hamira zieleze haraka ya kutoka Misri. Mgagani uliopikwa bila maziwa, uchungu wa utumwa (watakunja uso, waacheni). Wale sinia moja, kama tulavyo ugali nyumbani.

Litakuja swali: mbona hapa nakula, na kwenye Misa bado? Jibuni bila kuzunguka. Chapati hii inabaki chapati. Altareni tunampokea Kristo mwenyewe, Mwanakondoo wetu. Basi maneno ya mageuzo yasiigizwe mezani, hata kwa mchezo. Na mtoto asiyebatizwa akifika, asogezewe sinia.